Visu vya Kukunja vya Kiingereza, na Jinsi ya Kuvisoma

Msomaji wetu mmoja wa Msambweni ametuletea barua kutaka shauri. Asema kwamba walipokuwa wakigawa vitu vya marehemu babu yake, katika kasha kulipatikana kisu kidogo cha kukunja, chenye bapa mbili na mpini mweupe uliogeuka rangi ukawa kama siagi. Chuma chake kimekuwa cheusi, na karibu na kiungo pana maandishi madogo yasiyosomeka. Ndugu wamegawanyika: mmoja ataka kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, wa pili ataka kiuzwe kwa watalii wa Diani, na wa tatu asema kitiwe katika gunia la vyuma chakavu. Auliza nani ana haki. Shauri letu kwa kifupi ni kwamba wote watatu wangoje, maana wa kwanza aweza kukiharibu, wa tatu aweza kukipoteza, na wa pili aweza kujikuta mbele ya hakimu. Sababu zake twazieleza hapa kwa urefu, kwa kuwa visu vya namna hii huenda vimo katika makasha mengi tangu Likoni hata Vanga.

Visu vya kukunja vya zamani vya Kiingereza, karibu vyote, asili yake ni mji mmoja tu, Sheffield, ulioko upande wa kaskazini ya Uingereza. Mji huo ulipata mito yenye kasi ya kuzungusha mawe ya kunolea, na mawe yenyewe yalichimbwa katika milima ya jirani. Sifa yake ni ya kale sana: mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimtaja msaga unga mmoja aliyechukua kisu cha Sheffield ndani ya soksi yake. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaundia mafundi wa huko chama chao, Company of Cutlers in Hallamshire, na chama hicho ndicho kilichoandikisha alama ya kila fundi. Msomaji alishike sana jambo hili la alama, maana ndilo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Fundi hakuwa na ruhusa kutumia alama ya mwenziwe, na alama ilirithiwa, iliuzwa na kugombewa kama watu wa kwetu wanavyogombea minazi.

Kazi yenyewe iligawanywa. Mmoja alifua ubapa kwa nyundo, wa pili aliunoa juu ya jiwe, na wa tatu aliunganisha ubapa, kamani na mpini. Wengi hawakuwa na kiwanda. Walikodi chumba kimoja na kufanya kazi kwa malipo ya kila dazeni. Wanoaji walivuta vumbi la mawe mchana kutwa, na wengi wao walikufa vijana kwa maradhi ya mapafu. Mtu akishika kisu kilichonolewa zamani zile, yafaa akumbuke kwamba makali yale yalilipiwa kwa pumzi ya mtu.

Sasa, vilifikaje kwetu? Njia ya kwanza ni biashara na utawala. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na Shimoni palikuwa mmojawapo wa vituo vyake vya mwanzo. Baadaye wakaja mabwana shamba, wamisionari, wenye mashamba ya minazi upande wa Gazi na wakubwa wa kiwanda cha sukari cha Ramisi. Watu hao hawakukosa kisu mfukoni, na kisu kidogo ni kitu kinachopewa mtumishi au rafiki bila kufikiri sana. Makarani nao walikuwa na haja yao. Kisu kidogo chembamba, kile ambacho Waingereza hukiita kisu cha kalamu, asili yake kilikuwa cha kuchongea kalamu ya unyoya wa bata, kabla ya kalamu za chuma. Baadaye kikabaki kuchongea penseli. Waalimu wetu wa chuoni, waliokuwa wakichonga kalamu za mwanzi, walijua faida ya ubapa mdogo wenye makali mazuri bila kufundishwa na mtu wa Ulaya.

Njia ya pili ni vita. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka karibu na Vanga wakaielekea Mombasa, na mwezi wa Oktoba wakapigana na askari wa King's African Rifles hapo Gazi, wakarudishwa nyuma. Mapigano katika nchi ile hayakukoma upesi. Mwezi wa Januari 1916 ndipo alipouawa huko Mwele Meja Wavell, aliyekuwa na kikosi chake cha Waarabu wa pwani. Kisha katika vita vya pili, mwaka 1942, Wajapani walipoipiga Colombo kwa ndege, manowari nyingi za Kiingereza zilihamia Kilindini, ng'ambo tu ya Likoni. Majeshi hayo yalitumia kisu kizito cha kukunja, chenye mpini mweusi uliochorwa miraba, ubapa mpana usio na ncha kali, kifungulia mkebe, na mara nyingi msumari mrefu wa kufungulia mafundo ya kamba. Kisu cha namna hii ndicho rahisi kuliko vyote kukitambua. Tafuta alama ya mshale mpana, maana yake mali ya serikali, na karibu nayo aghalabu utaona jina la fundi na mwaka wenyewe umepigwa katika chuma.

Visu vya raia havina mwaka, basi inapasa kuvisoma kwa akili. Fungua ubapa, ukautazame pale chini kabisa unapoingia katika mpini. Hapo ndipo fundi alipopiga chapa yake. Kama kutu imefunika, usikwaruze. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, ngoja siku mbili, kisha weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli laini polepole. Herufi ambazo jicho halikuziona mara nyingi hutokea katika karatasi.

Alama iliyosifika kuliko zote ni nyota na msalaba wenye ncha pana, ya nyumba ya Joseph Rodgers & Sons, ambayo iliandikishwa kwa jina la Rodgers mwaka 1764. Nyumba hii ilipata kibali cha kumtengenezea visu Mfalme George wa Nne katika mwaka 1822, na kwa maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 ilifanya kisu kimoja cha ajabu chenye bapa na vyombo 75. Kisu kile hakikuwa cha kukatia kitu. Kilikuwa cha kunyamazisha washindani. Wa pili kwa sifa ni George Wostenholm, ambaye alama yake ni I*XL, na ukiitamka kwa Kiingereza yasikika kama mtu asemaye kwamba yeye awashinda wengine. Ukiona picha ya fidla, hiyo ni ya George Ibberson. Na wakulima wetu wanaobebesha miche ya michungwa na miembe wataangalia jina la Saynor, lililojulikana sana kwa visu vya bustani. Kisu cha kubebeshea hujulikana kwa ulimi mdogo butu ulioko mwisho wake, wa kuinulia ganda la mti.

Kwa kuwa jina la Rodgers lilikuwa na fedha, waigaji hawakukosa. Wengine walipiga jina lililofanana, kwa kupunguza herufi moja au kubadili nyingine, wakitumaini kwamba mnunuzi wa mbali hatatambua. Wengine walikuwa nje ya Uingereza kabisa, nao walipiga neno Sheffield juu ya chuma kisichopata kuiona Sheffield. Malalamiko juu ya udanganyifu huo yalisaidia kuleta sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 juu ya chapa za bidhaa. Ndiyo maana twasema soma herufi moja moja, usiridhike na umbo la jina. Kazi hii makarani wataiweza vizuri, kwa kuwa wamezoea kukagua hesabu za watu wengine.

Zipo dalili nyingine za wakati. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890 ya kutaka bidhaa zote za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, nayo ikaanza kutumika mwaka 1891. Tangu hapo mafundi wa Sheffield walizoea kuongeza neno England chini ya jina lao. Basi kisu chenye Sheffield peke yake, bila England, chaweza kuwa cha kabla ya hapo, ingawa si lazima, maana fundi aliyeuza nyumbani kwao hakulazimika. Taji nalo lasaidia. Herufi V na R kando ya taji ni za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. E na R, katika kisu cha zamani, ni za Edward wa Saba, 1901 hata 1910. G na R zaweza kuwa za George yeyote, basi hapo tafuta ushahidi mwingine. Na neno Stainless, yaani chuma kisichoshika kutu, lapiga mstari ulio wazi: chuma hicho kilipatikana Sheffield kwa kazi ya Harry Brearley mwaka 1913. Mtu akikuletea kisu chenye neno hilo akaapa kwamba kilikuwa cha Sheikh Mbaruk wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, mpe chai na umwage salama.

Ukishasoma chuma, geukia mpini, na hapa twaomba msomaji atulie. Mipini ilifanywa kwa pembe ya nyati, pembe ya kulungu wa Bara Hindi, mpingo, mfupa, gamba la chaza, seluloidi na pembe ya ndovu. Nyumba za Sheffield zilinunua pembe nyingi mno, na Rodgers walikuwa na ghala la pembe lililosifiwa na wageni. Pembe hizo baadhi yake zilitoka kwetu. Katika karne ya 19 Unguja palikuwa soko kuu la pembe za Afrika ya Mashariki, na Vanga palikuwa mmojawapo wa miji ya mrima ambako misafara ilianzia kwenda bara. Ndovu aliuawa bara, pembe yake ikachukuliwa mabegani mwa watu hata pwani, ikapakiwa jahazini, ikavuka bahari. Kule ikapasuliwa vibao vyembamba kuliko kidole, vikagongomewa misumari ubavuni mwa kisu, na kisu kikarudi pwani ile ile kuuzwa kwa rupia. Ni safari ndefu kwa mpini wa kuchongea penseli.

Mpini mweupe si lazima uwe pembe ya ndovu. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoa na vimistari vifupi vyeusi, ambavyo ni njia za damu za mnyama. Seluloidi ni laini mno, na mistari yake, ikiwapo, imepangwa sawasawa kama ya daftari. Ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, hutoa harufu ya kafuri. Pembe ya ndovu, ukiitazama mwishoni pale ilipokatwa, yaonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu wa mvuvi. Wako watu wafundishao kujaribu kwa sindano ya moto. Wasisikilizwe! Seluloidi hushika moto upesi sana, na mtu aweza kuunguza mkono pamoja na urithi.

Sasa ikiwa ni pembe ya ndovu, kisu cha babu kimekuwa jambo la sheria. Mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kuizuia biashara ya pembe za ndovu, na mwezi wa Julai mwaka ule ule Kenya ilichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Mwezi wa Aprili 2016 ikachoma tani 105. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kuwa na pembe, au kitu kilichofanywa kwa pembe, bila hati. Faini yake yahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi na kifungo chake kwa miaka. Mtu asijidanganye kwamba kipande ni kidogo, au kwamba ndovu mwenyewe alikufa kabla ya babu kuzaliwa. Wala mnunuzi wa ng'ambo si njia ya kutokea, kwani Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inayokataza kuuza vitu vya pembe ya ndovu, isipokuwa vichache vilivyosajiliwa au kupewa cheti. Twasema haya kwa watu wa Kwale hasa, kwa sababu ndovu ni jirani zao. Wako wanaolimia kando ya Shimba na kukesha wakilinda mahindi, na wako wenye mashamba waliokubali ardhi yao iwe hifadhi ya Mwaluganje. Mtu wa namna hiyo, ambaye amevumilia ndovu aliye hai, itakuwa aibu kubwa akifungwa kwa ajili ya kipande cha ndovu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kwa hiyo jibu letu kwa msomaji wa Msambweni ni hili. Mpini ukionyesha ule wavu, au mkiwa na shaka, msikipeleke kisu Diani, msikionyeshe kwa mnunuzi yeyote, wala msikitie katika barua au basi. Mwende kwanza bila kisu katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori, mweleze kwa maandishi kilivyopatikana na nani alikuwa nacho, mwulize sheria yataka nini, na barua yao ya majibu mwihifadhi vizuri. Afisa apendelea mtu aliyekuja mwenyewe kuliko mtu aliyeletwa.

Ikiwa ni mfupa au seluloidi, hofu hiyo imekwisha, lakini iko sheria nyingine ya kujua. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika kilichofanywa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Mgeni akikinunua kisu cha namna hiyo Diani na kukitia sandukuni, yeye na aliyemwuzia wamejitia katika mashaka. Wataalamu wa makumbusho wako karibu, Fort Jesus, Mombasa, na kuuliza ni bora kuliko kukisia.

Juu ya kusugua, twasema kwa nguvu zote: msasa hapana, jiwe la umeme hapana, tindikali ya betri hapana kabisa. Weusi ulioenea sawasawa juu ya chuma cha zamani ni ngozi ya chuma, nao hukilinda. Kutu nyekundu ndiyo adui, na hiyo huondolewa kwa mafuta, kitambaa na kijiti cha mwanzi, kwa siku nyingi. Kiungo kikikataa kufunguka, tia tone la mafuta ya cherehani, ukilaze kisu usiku kucha, ujaribu tena kesho. Ukilazimisha, utavunja kamani, na fundi wa kuitengeneza ni adimu hata Sheffield kwenyewe, ambako Stan Shaw, aliyekuwa miongoni mwa mafundi wa mwisho wa mtindo wa zamani, alifariki mwaka 2021. Usikichemshe kisu wala kukiloweka. Usikiweke ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu na chumvi ya hewa ya pwani. Kitambaa kikavu cha pamba ndani ya mkebe chatosha. Kisu cha seluloidi kikae peke yake, maana seluloidi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha jirani zake.

Msomaji akitaka kuanza kukusanya, asidhani ni kazi ya matajiri. Mwenye busara huchagua namna moja: visu vya askari, au vya bustani, au vya alama moja tu. Akipewa kisu, atazame kama ubapa bado una upana wake wa kwanza, au umeliwa na kinoo mpaka umekuwa kama jani la mchaichai. Aufungue na kuufunga polepole asikie kama kamani yaurudisha kwa mlio mmoja ulio mkali. Atazame kama bapa zote mbili zina chapa moja, maana ubapa wenye jina lingine mara nyingi umetolewa katika kisu kingine. Kisha, na hili wengi hulisahau, aandike katika daftari kisu kimetoka nyumba gani, nani alikitumia, na kwa kazi gani. Kisu cha Rodgers hupatikana popote duniani, lakini kisu cha Rodgers ambacho mtu ajua kwamba kilichonga kalamu za karani wa Vanga kiko kimoja tu, na habari hiyo haimo katika chuma. Imo kinywani mwa wazee, nao hawakai milele. Aliye na shangazi mwenye kukumbuka, amwulize juma hili.

Wasomaji wenye alama zisizojulikana watuletee ile karatasi ya penseli, si kisu chenyewe, pamoja na urefu wa mpini na idadi ya bapa. Tutazijibu kwa kadiri ya nafasi. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasema juu ya saa za mfukoni, ambazo nazo huficha maandishi yake chini ya kifuniko cha nyuma.